Ladha ya Kutu

Mzee Mburu wa Gatina, kule Kawangware, alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ilimpeleka kanisani kila Jumapili. Ya pili ilikaa nyumbani kwake chini ya turubai: gari la Pijo 404 aliloachiwa na marehemu baba yake, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ile ya kwanza aliisikiliza saa mbili kwa wiki. Ya pili aliihubiri mwenyewe siku zote zilizobaki, na waumini wake walikuwa wapangaji, kwa sababu mpangaji hana pa kukimbilia mwenye ploti akija kuchukua kodi.

Mahubiri hayakubadilika. Magari ya siku hizi ni mikebe ya maziwa. Ukiliegemea linabonyea, ukilikoholea linapinda. Wazungu wa zamani walikuwa wanatengeneza bodi kwa chuma, chuma kweli kweli, si karatasi iliyopakwa rangi. Akifika hapo alikunja kidole, akagonga boneti ya Pijo mara mbili, kisha akawatazama watu mmoja mmoja akingoja amina.

Ambalo hakulihubiri ni kwamba chuma chake kilikuwa kimeliwa, na aliyeilisha kutu ni yeye mwenyewe. Kila asubuhi aliliosha gari lile kwa ndoo za maji, juu, chini na ndani, halafu akalifunika kwa turubai la nailoni likiwa bado linachuruzika, ili vumbi la Barabara ya Naivasha lisiliguse. Maji yakatulia chini ya zulia, yakajipenyeza ndani ya milango, yakafanya kazi bila kelele. Kikulacho ki nguoni mwako. Upande wa dereva palikuwa na tundu ambalo mzee aliweza kupitia kuona barabara ikikimbia chini ya viatu vyake, na matope yakimrukia suruali alimlaani mkandarasi aliyeijenga barabara.

Sasa tuje kwa Kamene, maana mwenye shida ya kweli ni yeye. Kamene alikaa kwenye ploti ya Mburu, ghorofa ya pili, nyumba ya mwisho, ukuta kwa ukuta na bafu la watu wote. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa na cherehani moja nyeusi, nzito, na hiyo ndiyo iliyomlisha, ikamvisha, na kumsomeshea mtoto wake kule kwa nyanya yake Machakos. Na alikuwa na mlango.

Mlango huo ulikuwa wa chuma, kwa maana ya kwamba siku ulipowekwa kulikuwa na chuma ndani yake. Maji ya bafu yalikuwa yameurukia miaka nenda miaka rudi. Chini ulikuwa umelika hata paka wa jirani aliingia bila kuinama. Bawaba ya chini ilikuwa imekatika. Kofuli lilikuwa jipya, zuri, lakini pete lilimoning'inia ilikuwa imebaki nyembamba mno. Mwizi hakuhitaji ufunguo, alihitaji mafua tu, apige chafya.

Na wezi walikuwa wamekwisha kugundua. Rachael, wa nyumba ya tatu kutoka kwa Kamene, alirudi kutoka sokoni akakuta kona ya mlango wake imekunjwa kama sikio la kitabu na mtungi wa gesi umekwenda zake. Tangu siku hiyo Kamene hakulala vizuri. Akiibiwa gesi atapika kwa makaa. Akiibiwa cherehani, basi tena.

Mburu alipokuja kuchukua kodi, akiwa na Kagiri, msimamizi wake wa ploti, Kamene alimwonyesha.

"Mzee, hii mlango imeoza. Mtu akiisukuma kidogo inaanguka ndani."

Mburu hakuinama kuutazama. "Mama, chuma haiozi. Chuma inashika kutu. Kutu ni nguo ya chuma."

"Basi hapa imebaki nguo peke yake, mzee. Mwenyewe alishatoka."

Kagiri akakohoa, akageuka kutazama kamba za kuanikia nguo. Mburu hakupenda.

"Hiyo mlango itakuzika," alisema. "Niliweka chuma hapa, sikuweka mbao kama wale wengine. Na usiikwangue. Kila kitu kwa hii ploti ni yangu. Hata hiyo kutu ni yangu."

Akateremka ngazi akijikung'uta suruali. Kamene alibaki mlangoni na hasira yake. Mtu huyu alikuwa anawalipa mafundi wa Kawangware nzima kushauriana juu ya sakafu ya gari ambalo halikwenda mbali kuliko kanisani, na yeye hapa alikuwa anaomba bawaba.

Kwa hiyo Kamene akatafuta dawa yake. Kila alipokuwa na safari alifungua skrubu, akakitoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakifunga kwa leso na kukibeba mgongoni. Hivyo ndivyo alivyoshuka kwenye boda boda siku moja huko Sarang'ombe, Kibera, mbele ya duka la sare la Fatna, mkono mmoja na mzigo wa sketi na mgongo umepinda.

Fatna, au Mama Iman kwa waliomzoea, alikuwa Mnubi wa Kibera, mama mwenye maneno, na Kamene alikuwa akimshonea tangu zamani. Alitoka nje ya duka akashika kiuno.

"Kamene, hongera. Na hukuniambia kama ulikuwa na mimba."

"Mama Iman, huyu amezaliwa kabla yangu." Kamene akafungua leso. Fatna alipoona gurudumu la cherehani likichungulia aliacha kucheka, akamketisha, akamtaka aseme yote. Kamene akasema yote: mlango, paka, mtungi wa Rachael, na ile habari ya kutu kuwa mali ya mwenye ploti.

Mume wa Fatna, Mzee Murjan, alikuwa nyuma ya duka kwenye ua wake wa vyuma kuukuu. Aliposikia jina la Mburu alikuja akiwa bado ameshika koleo.

"Mburu wa Gatina? Yule wa Pijo? Si alikuwa hapa juzi."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kutafuta chuma ya mkoloni." Murjan akavuta kigoda. "Fundi wake amemwambia sakafu ya gari inataka bati mpya. Amekataa. Anasema gari ya zamani ni lazima ishonewe na chuma ya zamani, hii ya siku hizi ni karatasi. Nikamwambia achague hapo nyuma. Wallahi, akaanza kulamba."

"Kulamba nini?"

"Vyuma. Anasema kutu ya zamani haiumi ulimi, ya juzi ndio inauma. Akalamba bomba, akalamba tangi, akalamba dirisha moja hivi, hiyo hata sikumwambia ilikuwa ya choo. Akasema zote ni za juzi. Akaenda na huzuni."

Fatna alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha sare, mabega yanamcheza. Kamene hakucheka. Alikuwa ametulia tuli, macho kwenye cherehani yake.

"Mzee Murjan," alisema baadaye, "mlango yangu iko na kutu ya kulisha kijiji."

Murjan alimtazama. Alikuwa mtu wa msikitini na mwenye msimamo. "Mimi sidanganyi mteja, Kamene."

"Usimdanganye. Wewe mwache alambe tu."

Wakaafikiana hapo hapo, kwa chai ya tangawizi. Farouk, mpwa wa Murjan, aliyekuwa na mashine ya kuchomelea, angetengeneza mlango mpya na kuja kuufunga kabla ya kitu kingine chochote. Mlango wa zamani ungekuwa wa Murjan, auze atakavyojua. Kamene alirudi Gatina na cherehani mgongoni. Alijua vizuri kwamba Mburu akigundua atamtoa na meza yake na vitambaa vyake kabla jua halijatua, na hakuna karatasi yoyote ya mkataba ambayo angeweza kumwonyesha mtu.

Farouk alifika mchana kweupe na mkokoteni, kwa sababu mchana hakuna anayemshuku mtu mwenye mkokoteni.

"Niaje, mathe. Ni hii?" Akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukatoka wenyewe, ukamwegemea kama mlevi. "Dah. Hii mlikuwa mnafunga ya nini?"

Walipokuwa wanaushusha ngazini wakakutana na Kagiri. Kagiri akautazama mlango, akamtazama Kamene.

"Hiyo inaenda wapi?"

"Inaenda kwa mzee," Kamene akajibu.

"Ah. Sawa." Kagiri akawapisha, hata akawasaidia kugeuza kona. Huenda aliamini. Huenda pia alikuwa amebeba ujumbe wa milango kwa Mburu mara nyingi, akatukanwa, na sasa hakutaka kujua zaidi ya alichoambiwa.

Kule Sarang'ombe, Farouk alikata sehemu iliyooza, akachoma rangi ya buluu kwa moto, akanyoosha bati kwa nyundo, kisha akalilaza chini ya majivu na maji ya chumvi likae lifikirie maisha yake. Lilipotoka lilikuwa limezeeka kuliko watu wote wa mtaa ule.

Mburu aliitwa, akaja mbio. Kamene alikuwa dukani siku hiyo, ameleta mashati, na Fatna akamsukuma nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Kupitia upenyo aliweza kumwona mwenye ploti wake amesimama mbele ya mlango aliomkodisha, kofia mkononi, kama mtu aliyefika kwenye kaburi la shujaa.

"Imetoka wapi?" Mburu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imetoka kwa mlango," Murjan akasema.

"Mlango ya wapi?"

"Mahali watu walikuwa wanakaa kwa shida sana, mzee."

Mburu akatikisa kichwa polepole. "Kambi ya jeshi."

Murjan hakusema ndiyo, hakusema la. "Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Na hii ililinda silaha."

"Hii nimeambiwa ililinda mali ya mtu mpaka ikachoka."

Mburu alikunja kidole, akagonga. Akatega sikio. Kisha akainama, akatoa ulimi, akaulaza juu ya bati lile, na kufumba macho. Kamene aliikumbuka kona ile vizuri. Ilikuwa upande wa bafu. Aliuma pindo la pazia asije akapiga kelele.

"Haiumi," Mburu alisema alipofumbua macho, na yalikuwa yamelowa kidogo. "Hii ni ya kabla ya vita. Baba yangu angeijua. Chuma kama hii huwezi pata Kawangware, mzee Murjan. Kule kumejaa takataka."

"Wewe ndio unajua Kawangware," Murjan akasema kwa adabu.

Alilipa bila kubishana, mtu ambaye kwa bawaba moja alikuwa anabishana mwaka mzima. Lile bati likafungwa juu ya gari la kukodi aina ya probox, limefunikwa blanketi lisipatwe na baridi. Kamene alipotoka nyuma ya pazia Fatna alikuwa amekaa chini sakafuni, hawezi tena hata kucheka. Murjan alimtazama mkewe, akasema yeye hajasema uongo hata mmoja, na akaenda kutawadha.

Wiki zikapita. Kamene alianza kwenda sokoni mikono mitupu, na mara ya kwanza alijigusa mgongoni njiani akidhani amepoteza kitu. Mlango mpya ulikuwa wa kijani, na ulipofungwa ulifungwa kweli. Alilala. Mburu naye alikuwa na sakafu mpya ya zamani, na hakufika ghorofani. Kodi aliipokea kwa simu, maana wakati wake wote alikuwa amesimama juu ya kichwa cha fundi akimkataza kupaka rangi mahali ambapo chuma cha mkoloni kingeweza kuonekana.

Kisha ikaja Jumapili ya chama. Mburu alikuwa kwenye chama cha wenye magari ya zamani, wazee wanaokutana kila mmoja kwa zamu kusifiana bodi. Zamu ilikuwa yake, na kwake nyumbani palikuwa padogo, kwa hiyo akawaalika kwenye uwanja wa ploti. Wapangaji wakaambiwa waanue nguo. Magari yakaingia moja moja yakivuta moshi, na mwenyekiti, mzee mmoja wa Kikamba aitwaye Kilonzo, akashuka na simu yake tayari kupiga picha.

Kamene alisikiliza kutoka ghorofani. Mburu alifungua mlango wa Pijo, akainua zulia.

"Hii mnayoona hapa ni chuma ya kambi ya wanajeshi Wanubi," alitangaza. "Kabla ya vita. Nimeitafuta Kibera nzima. Wengine wanaweka bati ya juzi, halafu wanatuita sisi wenzao. Gari ni kama mtu, usimtie damu isiyo yake."

Wazee wakainama kwa zamu. Mmoja akagonga. Mwingine, Mungu amsamehe, akalamba. Wakakubaliana kwamba haiumi.

Yangeishia hapo. Lakini Mburu alikuwa ameonja sifa, na sifa huwa haishibishi. Kilonzo aliposema kwamba hata yeye anafikiria kujenga nyumba za kukodisha, Mburu alimshika mkono. "Njoo uone. Mimi hata kwa wapangaji naweka chuma." Akawapandisha ngazi, akawa anagonga mlango baada ya mlango kwa kidole chake cha mahubiri. Mlango wa Rachael ulilia kama sufuria, naye akaupita haraka. Akafika wa mwisho. Akagonga.

Ulitoa sauti nzito, iliyojaa. Mburu akasimama. Akagonga tena. Akaona rangi ya kijani.

"Mama," alimwambia Kamene, aliyekuwa kizingitini na sindano mdomoni. "Mlango yangu iko wapi?"

"Mzee, si ilikuwa imeoza."

"Nimeuliza mlango yangu iko wapi. Nilikuambia kila kitu hapa ni yangu. Umeuza mali yangu? Leo unahama. Kagiri!"

Kagiri hakuonekana. Wazee wa chama walikuwa wamesimama kwenye korido wakitazama. Kamene aliitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola. Alikuwa anaogopa, lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kingine, ule uchovu wa kubeba chuma mgongoni ili chuma cha mtu mwingine kipate kuheshimiwa. Akamsogelea mpaka akanusa mafuta ya kung'arishia gari shatini mwake, akasema polepole, kwa sauti iliyowatosha wao wawili tu.

"Mlango yako haijapotea, mzee. Uliikanyaga ukija hapa."

Mburu akageuka, akatazama uwanjani, pale Pijo ilipokuwa imeachwa mlango wazi na zulia limeinuliwa. Alitazama muda mrefu. Ulimi ukamtoka kidogo, ukagusa mdomo wa chini, ukarudi ndani upesi.

"Kuna shida, Mburu?" Kilonzo akauliza.

Kamene aliona mambo yote yakipita usoni mwa mzee yule. Angeweza kumfukuza, na akimfukuza ingebidi aseme ni kwa nini, na akisema ni kwa nini kuna mzee pale nyuma aliyekwisha kulamba.

"Hakuna shida," Mburu akasema hatimaye. "Uzee huu, nilikuwa nimesahau kazi ya fundi. Nilimwekea mama mlango mpya. Mpangaji pia ni mtu."

Wazee wakanong'onezana kwa kupendezwa. Kilonzo akasema huo ndio utu, hao ndio wenye nyumba Nairobi inaowataka, akawaomba wasimame hapo. Kamene akasimamishwa kando ya Mburu mbele ya mlango wa kijani, mlango ambao Mburu alikuwa ameulipia bila kujua na sasa anausifia bila aibu. Akaambiwa atabasamu. Alitabasamu. Hasira na kicheko vilikuwa vimembana kifuani kwa pamoja, hakujua kipi kitatoka kwanza, na picha ikapigwa.

Kamene hakumwambia mtu. Lakini kuta za ploti za Gatina ni nyembamba, na Kagiri alikuwa amejificha bafuni muda wote ule, akisikiliza. Kabla ya wiki kwisha Rachael alibisha hodi akauliza, akipapasa mlango wa kijani, huyo fundi wa mkokoteni anapatikana wapi.

Siku mbili baadaye wote watatu walikuwa dukani kwa Fatna: Rachael, Kamene, na ule mlango wenye kona iliyokunjwa, uliokuwa ukimngoja Farouk uani. Murjan alikuwa na mashaka. Alisema mteja amekwisha kujua, sasa hii ni biashara gani. Fatna alisema ampigie tu, kuuliza si ujinga. Murjan akapiga simu, akaiweka sauti juu, wanawake wakakaribia.

"Mzee Mburu, salama? Ni Murjan wa Sarang'ombe. Nimepata kipande ingine ya ile chuma."

Upande wa pili wa simu ilisikika ndoo ikiwekwa chini na maji yakichuruzika.

"Mimi siku hizi nimeacha hayo mambo," Mburu akasema.

"Ni sawa, mzee. Basi nitampigia yule mwenyekiti wenu, Kilonzo. Alikuja hapa jana, anataka kujua historia ya ile ya kwanza. Nami unajua siwezi kumdanganya mtu."

Ndoo ikasukumwa kando. Kisha sauti ya Mburu ikaja tena, ya chini sana, ya mtu aliyetazama kwanza kama mkewe yuko karibu.

"Imetoka nyumba namba ngapi?"